Ufa uulizwe kabla ya kuzibwa

Miongoni mwa methali tulizozizoea hata tukaacha kuzitafakari ni ile isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu huitumia darasani, wanasiasa huitumia majukwaani, na baadhi ya mafundi wa ujenzi huitumia kutuharakisha tutoe pesa mifukoni. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi tulioirithi methali hiyo nusu. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia tuuzibe kabla ya kuuliza umetoka wapi. Kwa kosa hilo, nyumba nyingi za kale katika pwani yetu zinakufa, na wenyewe wanazilipia mazishi wakidhani wanazilipia matibabu.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Nyumba ya marehemu babu yangu i katika Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa wa Kuze. Ni nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Aishiye humo ni shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka 70. Sisi warithi wengine tumetawanyika, huyu Nairobi, yule Ughaibuni, na tunaikumbuka nyumba hasa wakati wa Idi na wakati wa kuchangishana.

Mwaka 2019, katika miezi ya kusi, shangazi alinipigia simu kulalamikia kikohozi. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba imeingia baridi ya kaburi." Nilicheka. Nani asikiaye kuwa Mombasa kuna baridi? Lakini nilipokwenda niliona mwenyewe. Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa na mkanda wa unyevu uliopanda hadi magotini, rangi ilikuwa ikibanduka kama magamba ya samaki, na juu ya mkanda huo kulikuwa na ungaunga mweupe wa chumvi. Nguo alizozikunja kabatini zilinuka uvundo.

Tulichanga, tukamwita mkandarasi. Aliisimamia nyumba kwa muda usiozidi wa kumaliza kikombe cha kahawa, akatupa bei. Vijana wake waliibandua chokaa ya zamani mpaka mawe yakaonekana, wakapiga plasta ya saruji, wakamalizia kwa rangi ya mafuta. Idi ilipofika chumba kiling'aa, na sote tuliosalimiana ndani yake tulipongezana.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya masika mawili unyevu ulirudi, safari hii ukiwa juu ya kimo cha mtu, na ufa ukatokea kuanzia pembe ya mlango ukielekea dari. Tulichanga tena, tukauziba ufa kwa saruji, tukapaka rangi. Kisha ikaja mvua ya El Niño ya mwishoni mwa mwaka 2023. Jioni moja, boriti moja ilikatika upande ule ulioingia ukutani, na kipande cha dari kikaangukia kitanda cha shangazi. Yeye wakati huo alikuwa ameshuka chini kutia chai. Sipendi kufikiri ingekuwaje lau angekuwa amejinyoosha.

Hapo ndipo tulipomtafuta mwashi mzee ambaye tangu mwanzo shangazi alikuwa akitutajia jina lake na sisi tukimpuuza kwa kuwa hakuwa na kampuni wala kadi ya biashara. Mzee huyo alifika bila nyundo. Alikuwa na msumari mrefu, kipande cha chaki na tochi. Siku ya kwanza hakugusa chochote ila kuta, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Unyevu huu ulianza mwezi gani? Huzidi mvua inyeshapo, au upo hata wakati wa kaskazi? Choo cha juu kilijengwa lini? Njia ya mbele iliinuliwa mara ngapi? Shangazi alikuwa na majibu yote. Kwa miaka minne hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Majibu yalikuwa haya. Bomba la maji machafu la choo cha ghorofani, lililopitishwa ndani ya ukuta miaka mingi baada ya nyumba kujengwa, lilikuwa limetoboka. Njia ya mbele nayo, kwa kuinuliwa kila inapotengenezwa, ilikuwa imefikia kizingiti, hivyo maji ya mvua yalituama penye msingi. Na saruji yetu, tuliyoinunua kwa michango miwili, ilikuwa imeyafungia maji hayo ndani yasipate pa kutokea. Ncha ya boriti iliyokuwa imelala katika ukuta huo ilioza kimyakimya. Tulikuwa tumemfunga mgonjwa blanketi la mpira, kisha tukashangaa kwa nini anatoka jasho.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa nyumba. Niliyojifunza si siri ya mafundi. Ni mambo ambayo mwenye nyumba yeyote aweza kuyafanya kabla hajatoa hata shilingi moja. Ningependa kuyaeleza hapa, kwa kuwa naamini wengi wenu mna shangazi kama wangu.

La kwanza ni kujua maji yanatoka wapi, na kwa kawaida njia zake ni nne. Maji yapandayo kutoka ardhini huacha mkanda wa unyevu chini ya ukuta, aghalabu usiozidi mita moja hivi, wenye mstari wa chumvi juu yake. Mkanda huo haufuatani sana na mvua. Maji yashukayo kutoka juu, kwenye paa bovu au mchirizi ulioziba, huacha madoa ambayo huzidi saa chache au siku chache baada ya mvua. Maji ya bomba lililotoboka hayajali msimu. Doa lake hukua hata jua likiwaka mwezi mzima, nalo huwa karibu na choo, jiko au tangi. Ya nne ni maji ya hewa yenyewe: pumzi zetu, mvuke wa sufuria na nguo zilizoanikwa ndani. Mvuke huu hugeuka maji unapokutana na ukuta wa baridi katika chumba kisichopitisha hewa, na alama yake ni kuvu jeusi pembeni na nyuma ya makabati.

Iwapo huwezi kutambua kama maji yamo ukutani au yametoka hewani, bandika kipande cha karatasi ya plastiki ukutani, ukizibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Ukikuta maji upande wa chumbani, tatizo lako ni hewa. Fungua madirisha, vuta kabati mbali na ukuta. Ukikuta maji upande wa nyuma, tatizo limo ndani ya ukuta. Jaribio hili halina gharama ya kuzungumziwa, nalo lingetuokolea michango miwili.

Wala tusiudharau unyevu kwa kudhani kuwa ni suala la urembo. Ukuta uliolowa ni wa baridi kuliko ukuta mkavu, maana maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mahali yalipo. Shangazi hakuwa akideka aliposema nyumba ina baridi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza uhusiano wake na maradhi ya kifua, pumu ikiwemo. Kikohozi chake kilikuwa ni dalili ya kwanza ya maradhi ya nyumba, nasi tulimnunulia dawa ya kikohozi.

La pili ni kuusoma ufa. Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa ovyo kwenye plasta huwa ni za plasta yenyewe ilipokauka. Ufa wa kuogopwa ni ule unaopenya mpaka upande wa pili wa ukuta, unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, au ulio mpana juu kuliko chini, maana huo huenda ukawa unakuambia kuwa sehemu ya nyumba inazama au ukuta unaegemea nje. Lakini swali kubwa kuliko upana wa ufa ni hili: je, bado unatembea? Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa plasta pande zote mbili za ufa, uandike tarehe ukutani. Kioo kikivunjika baada ya miezi, nyumba ingali inakwenda, na hakuna saruji itakayoizuia mpaka ujue inakwenda wapi na kwa nini. Kioo kikibaki kizima mwaka mzima, basi ufa wako ni kovu la jambo lililokwisha kupita. Huo waweza kuuziba kwa amani.

La tatu ni boriti. Mkoko ni mti mgumu, na boriti iliyo kavu yaweza kuwazika waliyoiweka na wajukuu wao. Adui zake ni maji na mchwa, nao humshambulia mahali asipoonekana, yaani ile ncha iliyozama ukutani. Gonga boriti kwa mpini wa kisu, usikilize. Ikilia mvungu, chukua msumari uuchome karibu na ukuta. Mti mzima hukataa. Mti uliooza hukubali kama mkate. Ukiona dari imebonyea au vumbi la mti linamwagika sakafuni, usilale chini yake hata usiku mmoja.

La nne ni uzito. Wazee wetu walizijenga dari hizi kwa hesabu yao. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Sisi tumekuja na tangi la maji la lita 1,000, ambalo likijaa lina uzito wa tani nzima, tukaliweka juu ya dari ileile. Wengine wameongeza ghorofa ya zege juu ya kuta za matumbawe. Kisha nyumba ikipasuka, lawama humwendea marehemu aliyeijenga.

Sasa nirudi kwenye saruji, maana najua kuna watakaosema kuwa namchukia mtu asiye na hatia. Saruji si adui mahali pake. Katika nyumba ya zege na matofali ya kisasa inafanya kazi yake barabara. Tatizo ni kuioza na mume asiyemfaa. Ukuta wa matumbawe una vitundu vingi. Huvuta maji na kuyaachia. Chokaa nayo ni ndugu wa jiwe hilo: hutokana na jiwe la chokaa au matumbawe yaliyochomwa kwa moto mkali, hurojwa kwa maji, kisha ikishapakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Ni laini, hukubali nyumba ijinyooshe kidogo bila kupasuka, na huacha unyevu utoke nje. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hairuhusu maji kupita kwa urahisi. Ukiivika nyumba ya kale koti la saruji, maji yaliyomo hupanda juu zaidi kutafuta mlango, na chumvi yake huganda ndani ya jiwe na kulimumunya. Kilicho kigumu na kilicho laini vikifungwa pamoja, kinachoumia ni kile laini.

Nazijua hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema chokaa ni ya polepole, na mafundi wake wamekwisha. Ni kweli. Ukuta uliolowa kwa miaka hauwezi kukauka kwa wiki. Unene wa nusu mita huhitaji miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, nasi tulilazimika kuuacha ukuta wetu uchi kaskazi nzima kabla ya kuupaka. Lakini nimepiga hesabu ya michango miwili ya saruji, kitanda kilichovunjika na dari mpya, nikaona kuwa upole wa chokaa ulikuwa rahisi kuliko haraka yetu.

Wa pili ataniuliza: Je, wataka tuyachome matumbawe na kuimaliza mikoko? La hasha. Miamba ya bahari na misitu ya mikoko ni kinga ya pwani yetu, na vizuizi vilivyowekwa, tangu kupigwa marufuku kwa biashara ya kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982 hadi marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018, vilikuwa na sababu zake. Chokaa haihitaji kutoka baharini. Mawe ya chokaa huchomwa hata bara, kama kule Koru katika kaunti ya Kisumu, na chokaa hiyo ikirojwa na kulazwa ipasavyo huweza kutumika ukutani. Kuhusu boriti, njia bora ya kuuhifadhi mkoko ni kuzilinda zile zilizokwisha kukatwa. Kila ncha tunayoiozesha kwa uzembe ni mti mwingine utakaoangushwa.

Wa tatu, na huyu yumo ndani ya ukoo wangu, atasema kuwa nyumba iuzwe au ibomolewe tujenge fleti, maana kodi haijui historia. Kwake nina jibu moja: nyumba iliyosimama kwa vizazi haikuchoka kwa sababu ya uzee, ilichoshwa na sisi. Tukijenga fleti kwa mtindo uleule wa kutouliza, wajukuu wetu wataibomoa mapema zaidi.

Hatari hii si ya mtaa wa Kuze pekee. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Heshima hiyo haikulizuia jengo la Beit al-Ajaib huko Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, kuporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kipande chake kingine kilikuwa kimekwisha kuanguka. Majengo haya hayafi ghafla. Hutangulia kusema, tena kwa miaka. Ikiwa kasri linalotazamwa na dunia nzima linaweza kufikia hapo, sembuse nyumba ya shangazi ambayo haina mtazamaji ila paka?

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wakuu. Tunayo Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na katika Mji wa Kale wa Mombasa mwenye nyumba hana ruhusa ya kubomoa na kujenga apendavyo. Sipingi jambo hilo. Lakini sheria inayomwambia mjane asifanye hiki wala kile, bila kumwonyesha afanye nini, humfundisha kukarabati usiku. Naomba Makavazi ya Kitaifa na serikali za kaunti za pwani ziwe na wakaguzi wa kumfikia mwenye nyumba kabla ya ukuta kuanguka, si baada yake. Na wawachukue waashi wazee waliosalia wawafundishe vijana wa vyuo vya ufundi, kwa malipo ya heshima, ujuzi wao usije ukazikwa pamoja nao. Ombi la pili ni dogo zaidi: anayetengeneza njia za mji aangalie vizingiti vya watu. Kila safu ya mawe inayoongezwa juu ya njia bila mfereji ni ndoo ya maji inayomwagwa chini ya msingi wa mtu.

Nasi wenye nyumba tusijifiche nyuma ya serikali. Bomba lililotoboka ukutani mwetu halikutobolewa na kaunti. Mkandarasi yule hakutudanganya. Tulimlipa ili aifiche aibu kabla ya Idi, naye akaificha. Na mtu mmoja aliyekuwa na habari zote za nyumba, aliyeujua mwezi ambao ukuta ulianza kulia na mwaka ambao choo kilijengwa, tulimfanya kuwa mlinzi wa funguo tu.

Leo chumba cha chini kina chokaa mpya. Bado hakijapona kabisa. Msimu wa kusi chumvi kidogo hutokeza penye pembe moja, nasi huifagia kwa brashi kavu na kuiacha itoke. Kikohozi cha shangazi kimepungua. Juu ya mlango, penye ule ufa wa zamani, kuna kipande cha kioo na tarehe iliyoandikwa kwa chaki, naye hukitazama kila asubuhi akitoka. Akinipigia simu sasa, swali langu la kwanza baada ya kumwamkia ni kuhusu kioo. Mpaka nilipoandika makala haya, kilikuwa kingali kizima.